Kengele ya Gari ya Minago

Juzi vijana wawili walikuja kwa jirani yangu hapa Rumonge kumwekea kengele ya gari. Walichimba kamfereji kasikofika hata kina cha kiganja, wakalaza waya, wakafukia, wakagonga kisanduku ukutani, na chai yangu ilikuwa bado ya moto walipokuwa wanakusanya vyombo. Mimi nilikuwa upande huu wa uzio, kwenye kiti changu. Mwenye kofia aliniona natikisa kichwa. "Mzee, iko shida?" akauliza. Nikamwambia waya umekaa juu mno, mvua ya kwanza itaufukua. Akacheka kwa adabu, akaniuliza kama na mimi nayajua mambo hayo.

Kijana, nilifukia kengele ya gari ya kwanza kabla baba yako hajaota meno. Siku ile niliinuka nikaingia ndani bila kukujibu, na najua mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikumbuka jambo, na jambo lenyewe halikuweza kusemwa juu ya uzio. Nalieleza hapa, kwa ajili yako na mwenzako na wote wanaotembea na bisibisi mfukoni katika mwambao huu. Mkichoka na maneno ya mzee, someni kile kipande cha waya tu, kitawafaa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kalonda, Mkongomani wa Uvira aliyekuja huku akisimika nguzo za simu wakati wa Wabelgiji. Alisema alibaki kwa sababu ya samaki. Alikuwa na vidole vifupi na hasira za karibu, na alikuwa akinusa waya kabla ya kuugusa, akidai waya ulioungua zamani haupotezi harufu yake kamwe. Nilimcheka kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne nikajikuta nanusa na mimi.

Kengele yetu ya kwanza tuliiweka kwa Mzungu mmoja aliyesimamia kinu cha mawese, muda mfupi kabla ya uhuru. Mzungu huyo alipenda kulala baada ya chakula cha mchana, na bosi wake alikuwa na tabia ya kushuka kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, bila taarifa. Alitaka kitu cha kumwamsha gari likiingia tu kwenye njia ya nyumba, apate muda wa kuvaa viatu. Hivyo ndivyo utaalamu huu ulivyoingia Rumonge, kwa ajili ya usingizi wa mtu.

Tulikuwa hatuna vitu vyenu vya dukani. Tulichukua ubao mnene, tukagongomea juu yake bati lililokatwa kwenye pipa. Pembeni tukapanga vipande vya mpira wa ndani wa tairi la lori, na juu ya mpira bati la pili. Kila bati na waya wake. Ubao unafukiwa mahali gurudumu lazima lipite, udongo kidogo juu. Gari likikanyaga, mpira unabonyea, mabati yanagusana, umeme wa mawe ya redio, yaani betri, unapita, kengele inalia ndani ya nyumba. Gari likiondoka mpira unarudi, kengele inanyamaza.

Siri yote iko kwenye mpira. Tulianza na tabaka moja, kengele ikalia kwa mbuzi. Tukaweka matatu, bosi akapita na gari lake dogo bila kengele kusema neno, akamkuta Mzungu wetu na soksi moja. Tulipoweka mawili, Mzee Kalonda alimwita mpishi, mtu wa tumbo kubwa, asimame juu. Kengele ikanyamaza. Akampa mpishi gunia la chumvi abebe. Ikanyamaza. "Sasa iko sawa," akasema, "inajua mutu na inajua motokari." Mpishi alikaa wiki nzima hasemi nasi, na wiki nzima tulikula mihogo mikavu.

Uhuru ulipokuja Mzungu aliondoka na mbwa wake, kengele akaiacha. Nyumba akapewa mkubwa mmoja wa ofisi, na huyo alinituma nifanye kengele ilie kwa nguvu zaidi, majirani wasikie kwamba yeye ana gari. Alikuwa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, mpaka mawe ya redio yakaisha. Kwa kazi kama hizo nikapata jina, Saidi wa Kengele. Na jina likanipanda kichwani, sitawaficha. Nikikaa na watu sokoni nilikuwa nasema kengele yangu haidanganyi, inajua ng'ombe na inajua lori, inajua baiskeli na inajua jeep. Watu walikuwa wanapenda kunisikia na mimi nilikuwa napenda kusikika.

Nipe nafasi niseme ya waya, nisije nikasahau. Mfereji uwe na kina cha mkono mpaka kiwiko. Sisi tulipitisha waya ndani ya mianzi iliyotobolewa vifundo, tukaziba maungio kwa lami. Usiunge waya chini ya ardhi hata kidogo. Kama hautoshi, tafuta mwingine. Na pale waya unapoingia ukutani, usiukaze. Uache ushuke kidogo chini ya tundu kisha upande, ufanye tumbo, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya mpaka kwenye kengele. Nyie juzi hamkuacha tumbo, niliona.

Nilioa Minago. Mke wangu aliitwa Zuhura, na tulikaa kwenye kiwanja alichoniachia baba yangu, kati ya barabara kubwa na ziwa. Kulikuwa na kinu kidogo cha kukamua mawese, na njia ndefu katikati ya michikichi ambayo malori yaliichonga yakija kupakia mafuta. Kinu alikiendesha Zuhura, kwa ukali kunishinda mimi. Tulikuwa na mtoto mmoja, Mwamini, na mama yangu mzazi ambaye miguu ilikuwa imeshakufa, halali na haketi bila kuinuliwa.

Mwaka wa sabini na mbili, wa mauaji ya hapa Burundi, sitausimulia wote. Waliokuwepo hawahitaji kuambiwa na wasiokuwepo wawaulize wazee wao kwa upole. Kwetu uliingia kwa mlio wa gari. Kaka yake Zuhura alikuwa mwalimu. Gari lilikuja shuleni asubuhi, akaambiwa apande, akapanda, na chaki ilikuwa bado mkononi. Wanafunzi ndio waliokuja kutuambia. Hatukumwona tena.

Tangu siku hiyo Zuhura akawa haishi tena, anasikiliza tu. Malori yalikuwa yanapita barabara kubwa mchana kutwa na kila moja lilimsimamisha. Anasimama na mwiko mkononi, anahesabu mlio, mpaka upotee. Alikonda. Mwamini naye akajifunza kunyamaza hivyo hivyo, mtoto wa miaka sita. Siku moja mke wangu akaja nyuma ya nyumba nilikokuwa nikiunga redio ya mtu.

"Baba Mwamini, weye ni fundi," akasema. "Mi nasikia kila gari inakuja hapa. Unifanyie kitu kimoja. Unitenganishie ile inapita na ile inaingia."

Hakuna mtu aliyewahi kuniagiza kazi kwa maneno ya wazi kama hayo. Malori ya mafuta yalikuwa yameacha kuja kwetu tangu mambo yaanze, kwa hiyo gari lolote la kuingia lingekuwa lao. Kesho yake nikachimba. Niliyemwona anapita nilimwambia natengeneza mashimo ya malori. Nikafukia ubao hatua mia na ishirini kutoka mlangoni, kati ya mawe mawili, gari lisipate pa kukwepa. Mpira, matabaka mawili. Kengele niliivua kikombe chake cha shaba, nikaacha kinyundo kigonge rafu ya mbao jikoni, tok tok tok, asikie aliye ndani tu. Nikahesabu. Gari likija polepole kwenye njia ile linahitaji hesabu ya arobaini kufika mlangoni. Kutoka jikoni kwa mlango wa nyuma mpaka majini, mwanamke na mtoto, ilikuwa thelathini. Jirani yetu Yusufu, mvuvi, alikubali mtumbwi wake ukae tayari kwenye matete, na yeye mwenyewe alikuwa akishona nyavu pale pale kila siku.

Masharti tuliwekeana mimi na Zuhura. Kengele ikigonga, asiulize, asigeuke, asiningoje. Mimi nisingeweza kumwacha mama kitandani. Ningebaki mlangoni niwacheleweshe hao wageni kwa salamu na maneno, na maneno nilikuwa nayo. Usiku ule baada ya kumaliza kufukia, Zuhura alilala mpaka alfajiri. Nilijiona mwanamume kamili.

Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, na vumbi la ile njia likawa linatua juu ya mafuta kwenye mapipa. Kila mwanamke mwenye kinu katika mwambao huu anajua dawa yake. Ukishakamua mawese yanabaki maji mazito, machafu, yenye mafuta juu. Unayamwaga njiani, udongo unashikana, vumbi linakwisha. Zuhura alimwaga ndoo kwa ndoo, kuanzia kinuni mpaka karibu na barabara. Nilimwona. Nilitembea juu yake, nikamsifu kwamba njia imekuwa safi. Na kila mwenye baiskeli Rumonge, hata mtoto, anajua kwamba mawese yakigusa mpira yanaula. Tunafuta matairi kila jioni kwa sababu hiyo hiyo. Mimi, niliyesaidia kumpima mpishi kwa gunia la chumvi, sikuwaza hilo hata mara moja.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa barazani, Zuhura jikoni anapika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kinyundo kikagonga. Nilisikia kijiko kimeanguka. Nilipochungulia alikuwa ameshamshika Mwamini kifundo cha mkono. Alinitazama mara moja tu, kisha mlango wa nyuma ukabaki wazi. Nikafunga vifungo vya shati. Nikasema bismillahi, nikatoka nikasimama mbele ya mlango.

Hakukuwa na mlio wa gari. Nilingoja. Kisha kwenye michikichi akatokea Barnabe wa kijiji cha Kizuka, mteja wetu wa siku nyingi, anasukuma baiskeli iliyopakiwa mikungu ya chikichi mpaka haionekani.

"Amahoro, Saidi," akasema. "Mbona unasimama vile kama askari?"

"Nyuma yako iko gari?"

"Gari gani? Niko mimi na hii baiskeli. Mama Mwamini iko? Nataka anikamulie hizi leo."

Wenzangu, nisikilizeni hapa. Mtu mwenye akili angekimbia ziwani wakati ule ule. Mimi nilikwenda kwenye ubao. Kwanza nilitaka kujua kwa nini. Nilimwambia Barnabe arudi nyuma apite tena. Akapita, na nikasikia bati likigusa bati chini ya udongo. Nikamwambia tena, polepole. Yakagusana. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono, nikainua bati la juu, na mpira ukabaki kwenye vidole vyangu, umevimba, umelegea kama ugali mbichi. Niliunusa kama nilivyofundishwa. Mawese matupu. Mnajua nilihisi nini? Nilihisi raha kidogo, raha ya fundi aliyeona kosa. Mpaka mama yangu akaita kutoka ndani, "Saidi! Chungu inaungua! Bako wapi batu?"

Nikakimbia. Nilipofika majini mtumbwi ulikuwa umeshayaacha matete mbali, vichwa vitatu. Nikavua shati nikalipunga. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Yusufu aliinua kichwa, akaniona mtu wa nchi kavu anampungia shati kama mwenye wazimu, akainama akapiga kasia kwa nguvu zaidi. Baadaye aliniambia alidhani ninawahimiza. Nilisimama pale mpaka sikuona tena ni mtumbwi au ni wimbi. Barnabe alikuja akasimama pembeni yangu, na hilo namshukuru mpaka leo.

Yusufu alirudi baada ya siku nne. Walikuwa wamefika salama ng'ambo, mji wa Baraka upande wa Kongo, kwa shangazi yake Zuhura. Alinikuta ufukweni nimekaa na watu wawili wanaoshona nyavu, watu walionisikia sokoni miaka yote nikiisifu kengele yangu.

"Mama Mwamini ananituma," akasema. "Anauliza, bale ba gari balikuja kweli?"

Na wale wawili wakasimamisha sindano zao.

Mzee Kalonda alikuwa na desturi moja ambayo sijawahi kuiona kwa fundi mwingine. Kazi yake ikiharibika alikuwa anakwenda kwa mwenye nyumba siku ile ile, anavua kofia, anasema kosa ni langu. Hata yule mkubwa wa ofisi, Kalonda alimwambia hivyo mbele ya wageni wake, na mkubwa akabaki hana la kugomba. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani ni uzee.

"Balikuja," nikasema.

"Bakakufanya nini?"

"Bakamuulizia yeye, kwa jina. Nikabaambia haiko. Bakaenda."

Hivyo tu, pumzi moja. Wale wawili wakatikisa vichwa, mmoja akasema kengele ile ni ya ajabu. Baadaye nilijitungia sababu nzuri. Nilijiambia kwamba namlinda Zuhura, asije akajua kuwa ni ndoo zake mwenyewe zilizomvusha ziwa. Si kweli. Nilijilinda mimi. Nilijiambia pia kwamba mambo yakitulia nitavuka nimweleze, tucheke. Yusufu alipopata nafasi ya kuvuka tena alirudi na jibu. Zuhura alisema kama wanamuulizia kwa jina, basi harudi.

Mwaka ule, gari halikuingia kwenye njia yangu. Si siku ile, si wiki ile, si mwezi ule. Mpira niliubadilisha, njia nikaifagia mwenyewe bila kumwaga kitu, na kila alasiri nilikaa jikoni karibu na ile rafu nikisikiliza malori yakipita barabara kubwa, moja baada ya jingine, hadi Nyanza-Lac. Mambo yalipopoa wanawake wa majirani walianza kurudi, huyu kutoka Kongo, huyu kutoka Kigoma, na furushi lake kichwani. Wakiniuliza yuko wapi mke wangu nilisema bado anaogopa. Hilo nalo lilikuwa kweli, na mimi ndiye niliyempa woga huo.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Sasa hakuna kilichonishika. Asubuhi baada ya mvua, kutoka Minago unaiona milima ya ng'ambo, unahesabu hata mabonde yake. Nilinunua kitenge cha Zuhura na viatu vya Mwamini nikavikisia ukubwa. Mara mbili nilipatana na Yusufu siku ya kuvuka, na mara mbili nilimwambia tumbo linaniuma. Nikienda lazima aniulize, usoni, ilikuwaje siku ile, na Zuhura alikuwa mtu wa kuuliza mpaka mwisho. Viatu vilibaki mpaka nikajua kwamba mguu wa mtoto umeshavipita.

Kisha ikaja barua. Ameandika kwa mkono wake, herufi zimesimama wima. "Baba Mwamini, nimekungoja uvuke, hukuvuka. Kurudi siwezi, jina langu iko kwa bale batu. Unipe talaka yangu kwa wema." Niliisoma mara nyingi nikitafuta hasira ndani yake, sikuiona. Nikaita mashahidi wawili, nikaandika. Shehe aliniuliza kama nina neno la kuongeza chini ya karatasi. Nikamrudishia kalamu. Nikasema sina.

Sikuoa tena. Kinu nilikiuza, nikahamia hapa mjini, nikaendelea na redio na pasi na feni za watu. Kengele ya gari sikuweka nyingine, na walioniomba niliwaambia vifaa havipatikani. Wengi wa niliofanya nao kazi wamelala makaburini, Barnabe pia, naye ndiye pekee aliyejua ni nini kilipita juu ya ubao siku ile. Mwaka aliokufa niligundua kwamba sasa niko peke yangu na jambo hili, na nilijisikia vibaya kuliko nilivyotarajia. Ndiyo maana nawaambia nyie. Nyie si damu yangu, hamwezi kuniangalia nilivyoogopa kuangaliwa.

Kengele zenu ni nzuri kuliko zangu. Zitadanganya hata hivyo, siku moja, kwa sababu ya unyevu, au sisimizi, au kitu ambacho kila mtu wa hapa anakijua isipokuwa nyie siku hiyo. Nendeni kwa mwenye nyumba siku ile ile mkamwambie. Akiwatukana, matusi yanaisha jioni.

Mwaka jana Mwamini alikuja kunitazama. Ni mtu mzima, bibi wa wajukuu, ana mwendo wa mama yake. Alikuwa ametoka kumzika Zuhura kule Baraka. Alikaa hapa kwenye mkeka, akanikandia miguu, akaniambia kwamba mama yake hakuacha kunitaja hata baada ya kuolewa tena. Kila mara wajukuu wakijaa nyumbani aliwaeleza habari za yule mume wake wa Minago, fundi, aliyetega kengele iliyolijua gari baya na kumwokoa yeye na mtoto.

"Mama alikuwa anajivunia weye, Baba," akasema. "Mupaka mwisho."

Mikono yake ilikuwa ya moto miguuni kwangu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilikuwa nimelibeba miaka yote hiyo, likafika hadi kwenye ulimi.

"Batoto banataka kujua kitu," akaendelea. "Kila siku bananiuliza na mi sijui. Ile gari ilikuwa ya rangi gani?"

Nilimtazama. Alikuwa anangoja, ameinua uso, na ulikuwa uso wa mtoto wa miaka sita.

"Ya majani," nikasema.

"Ya majani," akarudia polepole, asije akasahau njiani.